Msomaji Asiye na Mtihani: Historia ya Usomaji wa Raha katika Kiswahili

Utangulizi

Mzungumzaji wa Kiswahili akielezwa kwamba jirani yake mwenye umri wa miaka 60 anasoma, huuliza mara moja, "Anasoma wapi?" Ni nadra aulize, "Anasoma kitabu gani?" Kitenzi hicho kimoja, -soma, kimebebeshwa mizigo mitatu: kuyatambua maandishi, kuhudhuria masomo, na kutamka kwa sauti maneno ya ibada, kama katika kusoma Maulidi au kusoma hitima. Kutokana na mzizi huo zimezaliwa nomino kadha wa kadha: somo, masomo, kisomo, msomi na msomaji. Kati ya hizo, msomi ndiye mwenye hadhi, kwani ana cheti. Msomaji ni mtu yeyote aliyeshika maandishi, na hadhi yake haijulikani.

Neno mtaala linatoa ushahidi wa namna hiyo hiyo. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kukipitia kitabu kwa makini. Katika Kiswahili cha leo mtaala ni mpango wa masomo unaotungwa na wizara au taasisi ya elimu. Neno lililoanza kama tendo la mtu na kitabu chake limehamia ofisini. Chuo nalo, ambalo katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana ya kitabu, limekwenda njia hiyo hiyo, na leo wengi hulijua kama jina la mahali pa kufundishia tu.

Mambo haya ya msamiati yasingekuwa na uzito mkubwa kama yasingeambatana na kauli inayorudiwa mara kwa mara katika semina, magazetini na hata vyuoni, kwamba Waafrika hawana utamaduni wa kusoma. Wapo wanaoitia chumvi kwa kusema kwamba ukitaka kumficha Mwafrika jambo, liweke kitabuni. Kauli hiyo ni dai la kihistoria, ingawa wasemaji wake huitoa kama mzaha. Inadai kwamba mpenzi wa vitabu ni mgeni katika lugha hii. Mhadhara huu unakusudia kulipima dai hilo kwa kumfuatilia mtu mmoja katika vipindi mbalimbali vya historia ya Kiswahili: msomaji asiye na mtihani, yaani yule anayesoma kwa sababu kitabu kinampendeza, jioni baada ya kazi, siku za mapumziko, au katika likizo ndefu ambapo hakuna mwalimu wa kumuuliza swali.

Miswada na wasikilizaji wake

Kabla ya mitambo ya uchapaji kufika pwani, kitabu cha Kiswahili kilikuwa mswada ulioandikwa kwa mkono, kwa hati ya Kiarabu. Utendi wa Tambuka wa Mwengo bin Athumani, ambao unahusishwa na Pate na mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,000. Utungo wenye urefu kama huo haukukusudiwa kumalizwa kwa kikao kimoja, wala haukusomwa na macho peke yake. Mmoja alisoma kwa sauti, tena kwa mahadhi, na wengine walisikiliza. Kwa hiyo mswada mmoja uliweza kuwatosheleza watu wa nyumba nzima na majirani zao. Anayehesabu nakala ili apate idadi ya wapenzi wa vitabu wa zama hizo atakosea tangu mwanzo wa hesabu yake.

Wanawake walikuwa na nafasi katika mnyororo huo, nayo haikuwa ndogo. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1275 wa Hijria, sawa na 1858, ulielekezwa kwa binti wa mtunzi, Mwana Hashima. Mwanzoni mama anamwita binti yake asogee akiwa na wino na karatasi, na kuelekea mwisho anawahimiza wanawake wausome na kuuelewa. Wachambuzi wengi wa karne ya 20 wameshughulikia mafunzo ya ndoa yaliyomo katika utendi huo. Kwa mwanahistoria wa usomaji, wino na karatasi vina uzito usiopungua ule wa mafunzo hayo. Vinaonyesha kwamba katika nyumba za watu wenye uwezo, kuandika na kusoma kulichukuliwa kuwa jambo linaloweza kupita kutoka kwa mama hadi kwa binti bila shule yoyote kuingilia kati.

Mfano bora wa mtu aliyeishi kwa ajili ya maandishi ni Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa katikati ya karne ya 19 na kufariki mwaka 1945. Kijuma alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchongaji wa nakshi za mbao na, zaidi ya yote, mnakili wa tungo. Wataalamu wa Kizungu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walipata kwake nakala ambazo leo zimehifadhiwa katika maktaba za Ulaya. Kwa kawaida hutajwa kama msaidizi wa wataalamu hao. Hata hivyo, mtu hawezi kunakili kwa uzuri ule, miaka nenda miaka rudi, bila kuwa msomaji kwanza. Kunakili ni kusoma kwa mwendo wa kalamu, ambapo kila neno hupita machoni, kinywani na mkononi. Hichens na wenzake walinunua matunda ya mapenzi yaliyokuwepo kabla hawajafika Lamu.

Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alipozunguka pwani akikusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichokikuta kilikuwa mali za nyumbani. Tungo hizo zilikuwa zimehifadhiwa na familia, vizazi kwa vizazi, na orodha ya mkusanyo huo ilichapishwa mwaka 1970. Jamii isiyopenda maandishi haiwezi kuyahifadhi kwa muda mrefu hivyo katika hali ya hewa ya pwani, penye unyevu na mchwa.

Hati mpya, gazeti na vitabu vya Kamati

Mabadiliko makubwa yalikuja pale hati ya Kirumi ilipochukua nafasi ya hati ya Kiarabu katika shule na ofisi za wakoloni. Matokeo yake hayajapewa uzito unaostahili. Mtu aliyekuwa akisoma tendi na barua kwa ufasaha alijikuta, kwa kipimo cha serikali, hajui kusoma. Takwimu za kikoloni zilimweka katika fungu moja na mtu ambaye hakuwahi kushika kalamu. Sehemu ya kauli kwamba Waswahili hawasomi inatokana na kipimo hicho.

Hata hivyo, hati mpya nayo ilipata wapenzi wake. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na misheni ya UMCA, alichapa masimulizi mafupi ya baadhi ya tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili, akifuata kitabu cha Charles Lamb, na mwaka 1870 akatoa mjini London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Unguja. Wakati wa utawala wa Wajerumani gazeti la Kiongozi lilichapishwa Tanga. Kisha, Januari 1923, Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililokuwa na habari, barua, hadithi na mashairi. Lilikuwa gazeti la serikali, na serikali ilikuwa na makusudi yake. Wasomaji nao walikuwa na ya kwao. Walilitumia kupeana mafumbo, kujibizana kwa beti na kusahihishana lugha. Nakala ilipita mkono hadi mkono, na wasiojua hati mpya walisomewa na waliojua. Desturi ya mswada ilikuwa imepata karatasi nyingine.

Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na katibu wake wa kwanza akawa Frederick Johnson. Kazi ya Kamati ilikuwa kusanifisha lugha na kukagua vitabu vya shule. Johnson mwenyewe alikuwa mfasiri. Katika miaka hiyo zilitoka tafsiri kama Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, zote za mwaka 1929, na Safari za Gulliver ya mwaka 1932. Zilikusudiwa zimpe mwanafunzi mazoezi ya kusoma Kiswahili sanifu, na baadhi yake zilibeba dharau ya kikoloni waziwazi, kwa mfano namna Mashimo ya Mfalme Sulemani inavyowachora Waafrika. Lakini msomaji hafungwi na nia ya mchapishaji. Ramani ya hazina, mabaharia waasi na safari ya jangwani viliwafundisha wasomaji kitu ambacho Kamati haikukiweka katika mpango wake, yaani hamu ya kujua ukurasa unaofuata una nini. Ladha hiyo ya visa vya hatari na siri inaonekana katika riwaya za Kiswahili zilizofuata.

Miongoni mwa wasomaji wa kizazi hicho alikuwamo karani mmoja wa serikali, Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Maisha yake ya kila siku yalikuwa ya ofisi. Kusoma na kuandika kulifanyika katika saa zilizobaki. Tafsiri yake ya mashairi ya Omar Khayyam, iliyotoka mwaka 1952, ilipitia Kiingereza cha FitzGerald. Hakuna idara iliyohitaji mshairi wa Uajemi awekwe katika Kiswahili. Karani alikisoma kitabu, kikamkaa moyoni, akataka wenzake wakipate. Hiyo ndiyo tabia ya mpenzi wa vitabu popote alipo, kwamba hawezi kunyamaza kuhusu alichokisoma.

Bwana Msa na msomaji mpelelezi

Mwaka 1948 serikali za Afrika Mashariki zilianzisha Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Nairobi. Mbali na kuchapisha, shirika hilo lilipeleka vitabu vijijini katika masanduku na kuwaazima wasomaji wa mbali kwa njia ya posta. Jambo hilo linastahili kukumbukwa kila dai la kutosoma linapotolewa. Huduma ya kuazima kwa posta humtegemea mtu ambaye yuko tayari kuandika barua, kungoja, kusoma, kufunga kitabu upya na kukirudisha, yote hayo bila kuahidiwa cheti.

Shirika hilo pia liliendesha mashindano ya uandishi. Katika mashindano ya 1957–58 ushindi ulikwenda kwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, ambayo ilichapishwa mwaka 1960. Abdulla, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa amefanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti. Riwaya hiyo ilimtambulisha Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, na rafiki yake Najum. Ukoo wao na Sherlock Holmes na Watson uko wazi, na wahakiki hawajauacha bila kuutaja. Baadhi yao waliutumia kama hoja ya kuidharau kazi yenyewe, wakisema kwamba ni mwigo.

Hoja hiyo inapuuza upande wa msomaji. Hadithi ya upelelezi ni mkataba wa pekee kati ya mwandishi na mtu aliyeshika kitabu. Dalili zote huwekwa mezani, na msomaji hualikwa ashindane na mpelelezi. Inamlazimu kukumbuka saa, majina, nasaba na maneno yaliyosemwa kwa bahati kurasa nyingi nyuma. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, Bwana Ali anauawa mahali panapoogopwa kwa sababu ya mizimu, na kila mtu kijijini ana maelezo yake ya tayari. Bwana Msa hayakubali maelezo yasiyo na ushahidi. Msomaji anayekwenda naye hufundishwa, bila kuhubiriwa, tofauti kati ya kuamini na kuthibitisha. Mwigo mtupu usingeweza kuchezea imani za Unguja kwa ujuzi kama ule, wala usingetumia methali, mizaha na mafumbo ya Kiunguja kama sehemu ya ushahidi wenyewe.

Vitabu vilivyofuata, Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976), viliunda kitu kipya katika Kiswahili: msomaji wa mfululizo. Huyu si msomaji wa kitabu kimoja alichopewa. Anamjua mhusika, anamngojea arudi, anazilinganisha kazi, anagombana na wenzake kuhusu ipi ni bora, na anaona kosa pale mwandishi anapojisahau. Mwandishi mwenyewe alielekea kumjua msomaji huyo, kwani kitabu chake cha mwaka 1984 alikiita Kosa la Bwana Msa. Jina hilo humgusa tu mtu ambaye tayari anaamini kwamba Bwana Msa hakosei.

Neno "pendwa" na matumizi yake

Baada ya uhuru uwanja ulipanuka. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mwaka 1974. Hammie Rajab na Ben Mtobwa walifuata, na vijitabu vyao vya bei nafuu vilisomwa katika mabasi, mabweni na vibanda vya biashara. Kwa upande wa Tanzania, msingi wa wasomaji ulikuwa umepanuliwa na kampeni ya kisomo. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 takwimu za serikali ziliwaweka wasiojua kusoma karibu na asilimia 10.

Wasomaji hawa wapya walipata vitabu vya Musiba na wenzake kwa furaha. Vyuo vikuu vilivipokea kwa mashaka. Hapo ndipo lilipoenea neno riwaya pendwa, likitofautishwa na riwaya dhati. Kimofolojia, pendwa ni umbo la kutendwa la kitenzi -penda, na maana yake ni kitu kinachopendwa. Kimatumizi, likageuka lawama. Si jambo dogo kwa taaluma kuchukua kitenzi cha mapenzi na kukifanya alama ya udhaifu. Ingekuwa halali kabisa kusema kwamba riwaya fulani ina njama dhaifu, au kwamba inawachora wanawake kama mapambo, na kasoro hizo zipo katika nyingi ya kazi hizo. Lakini istilahi yenyewe haitaji kasoro. Inataja hisia ya msomaji, kisha inaihukumu.

Hasara yake ni ya kitaaluma pia. Kwa kuwa vitabu hivyo havikuhesabiwa kuwa fasihi ya kweli, maktaba nyingi hazikuvihifadhi kwa uangalifu, na baadhi ya matoleo ni vigumu kuyapata leo. Vingi viliishia kuwa karatasi za kufungia karanga na maandazi. Mtafiti wa sasa anaweza kupata tendi za karne ya 18 zikiwa zimeorodheshwa vizuri, akakosa kijitabu kilichouzwa Kariakoo mwaka 1978.

Kukatika kwa mkondo

Ikiwa wapenzi wa vitabu wamekuwepo wakati wote huo, kwa nini malalamiko ya kutosoma yamekuwa makali tangu miaka ya 1980? Jibu linaanza na upatikanaji wa vitabu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Shirika la Vitabu likapoteza soko lake la pamoja. Uhaba wa fedha za kigeni ulileta uhaba wa karatasi na wino. Maktaba Kuu ya Taifa ilikuwa imefunguliwa Dar es Salaam Desemba 1967, na Kenya ilikuwa imeunda bodi yake ya maktaba kwa sheria ya mwaka 1965, lakini ununuzi wa vitabu vipya haukwenda sambamba na ongezeko la watu waliofundishwa kusoma. Kampeni ya kisomo ilizalisha wasomaji, kisha rafu zikakaa tupu.

Sababu ya pili ni mtihani. Wachapishaji waliobaki waligundua kwamba soko la uhakika ni shule, nao wakaandika na kuchapa kwa ajili ya shule. Riwaya iliyoteuliwa kwa mtihani huuzwa kwa wingi, na isiyoteuliwa hukaa ghalani. Mwanafunzi naye hujifunza haraka kwamba maswali hutoka katika dhamira, wahusika na mandhari, na kwamba mwongozo wa kurasa chache humtajia yote hayo. Anaufunga mwongozo, anafaulu, na hakuwahi kukutana na riwaya. Likizo ikifika, hana sababu ya kushika kitabu, kwa kuwa alifundishwa kwamba kitabu ni kazi. Mfumo wa aina hii unaweza kumpa taifa wasomi wengi bila kumwongezea msomaji hata mmoja.

Dalili za kinyume zipo. K. W. Wamitila alipotoa Bina-Adamu! mwaka 2002, na Said Ahmed Mohamed alipotoa Babu Alipofufuka mwaka 2001, riwaya ya Kiswahili ilithubutu kumtaka msomaji acheze na mafumbo, ndoto na ulimwengu usiofuata kanuni za kawaida. Abdulrazak Gurnah wa Unguja alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, wasomaji wengi wa Kiswahili waliuliza jambo moja: kazi zake zitapatikana lini kwa lugha yao? Mwaka uliofuata ikatoka Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Aidha, hadithi za mfululizo husomwa kila siku katika simu za mkononi, na kwa kuzitazama tu mtu anaona kwamba mbinu ya kukatisha kisa penye hatari, iliyowafunga wasomaji wa Musiba, haijafa.

Hitimisho

Ushahidi uliopitiwa hapa hauthibitishi kwamba kila mzungumzaji wa Kiswahili alikuwa mpenzi wa vitabu. Hakuna jamii ya namna hiyo. Unaonyesha kwamba kila mara maandishi yalipopatikana kwa lugha inayoeleweka na kwa bei inayobebeka, wasomaji wa raha walijitokeza, iwe ni kwa mswada wa Lamu, nakala ya Mambo Leo, sanduku la vitabu kijijini au kijitabu cha kituo cha basi. Tofauti kati ya maelezo haya na ile kauli ya kificho ina matokeo ya vitendo. Kama tatizo ni tabia ya watu, hakuna la kufanya ila kulalamika. Kama tatizo ni rafu tupu na mtihani uliomeza kitabu, basi zipo kazi za kufanya, nazo zinajulikana: kununua vitabu visivyo vya kiada kwa ajili ya maktaba za wilaya, kutenga saa shuleni za kusoma bila maswali, na kukusanya vijitabu vya miaka ya 1960 hadi 1990 kabla havijaisha.

Kazi ya mwisho inawahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Wazee waliomngojea Bwana Msa arudi, na waliosomewa Mambo Leo na kaka zao, wangali hai, lakini si kwa muda mrefu. Wamehojiwa mara nyingi kuhusu methali, ngoma na mila. Ni mara chache sana wameulizwa walisoma nini, walikipata wapi kitabu, walimwazima nani, na kama kilirudi. Anayekwenda kijijini likizo ijayo anaweza kuanza na maswali hayo manne.